Vua plastiki, vika mti: mipini mipya ya randa ya chuma

Piga randa ubao wa mninga kwa robo saa ukiwa umeshika mipini ya plastiki, kisha fungua kiganja ukitazame. Kuna mstari mwekundu umepita katikati, palepale nusu mbili za plastiki zilipokutana ndani ya kalibu kiwandani. Jasho nalo limejaa, maana plastiki hainywi kitu, na mkono umeanza kubana kwa nguvu kuliko kazi inavyotaka, ili tu usiteleze. Fundi akilalamika kwamba randa yake inachosha, mara nyingi kisu kimenolewa vizuri na kitako kimenyooka. Kinachomchosha ni mpini.

Mipini ya randa ya chuma haikugandishwa na mwili. Inashikiliwa na fito mbili nyembamba za chuma, mmoja nyuma na mmoja mbele, kila mmoja na nati yake juu. Ukizifungua, ndani ya dakika mbili una mwili mtupu mkononi. Ndivyo zilivyo tangu enzi za Leonard Bailey, Mmarekani aliyebuni umbo hili katika karne ya 19 kabla kampuni ya Stanley haijaichukua kazi yake mwaka 1869. Za zamani zilivaa mti wa Brazil wa jamii moja na mpingo wetu. Plastiki ilikuja baadaye, na kwa anayeishika haina faida ila moja: haisinyai. Faida hiyo msiidharau, kwa sababu karibu kila kitu kinachoharibika kwenye mpini wa mti kinaanzia hapo.

Anza na kufungua. Tumia bisibisi ambayo ncha yake inajaa mfuo wa nati sawasawa, kwa upana na kwa unene. Bisibisi nyembamba huparura shaba, na nati ikishaharibika mdomo utaihangaikia mpaka mwisho. Nati ikikataa, idondoshee mafuta ya taa ukailaze usiku kucha. Ikitoka pamoja na ufito wake, usiubane ufito kwa koleo kwenye hesi, yaani meno yanayozungukia nati. Funga nati mbili za kawaida zinazoingia kwenye hesi hizo, zikazane zenyewe kwa zenyewe, kisha zishikilie kwa spana huku uki­fungua ile ya shaba.

Sasa hesabu hesi, maana hapa ndipo watu wanapoharibu randa nzima. Laza ufito kando ya rula uhesabu meno yaliyomo ndani ya milimita 25.4, yaani inchi moja. Ukipata 20, una hesi ya Stanley ya asili: ufito wenye unene wa karibu milimita 5.5. Ukipata 25 hivi, hiyo ni M6 ya kawaida, yaani hesi ya unene wa milimita 6. Ukipata karibu 32, ni M5. Baadhi ya randa mpya za bei nafuu zina M6, na hizo hazina shida, nati na bolti zake zipo kila duka la vifaa vya ujenzi. Shida ni zile za hesi 20. Bolti ya M6 inaonekana kama inataka kuingia, inashika nusu mzunguko, na mtu anaongeza nguvu. Mwili wa randa ni chuma cha kusubu, hakipindi, kinamomonyoka. Hesi zikishamomonyoka ndani ya kitako, mpini hautakaza tena kamwe. Kama ufito umepotea au umekatika, mpelekee fundi wa keezo (mashine ya kukerezea) nati yako ya zamani akuchongee mwingine kwa kipimo hicho. Ni kazi ndogo kwake.

Kwenye baadhi ya randa nati imefinyangwa ndani ya plastiki yenyewe na haitoki. Vunja plastiki uone kilichomo kabla hujachonga chochote, ili upimie kitu halisi na si cha kukisia.

Chukua vipimo vitatu kutoka kwenye mpini wa zamani, uviandike kwenye ubao wa kazi. Cha kwanza ni urefu kutoka chini ya mpini hadi mahali kichwa cha nati kinapokalia, ukipimwa kwa kufuata tundu la ufito, si wima. Cha pili ni kipenyo cha kichwa cha nati na cha shingo yake, kwa sababu nati hizi zina sehemu mbili: kichwa kipana, mara nyingi kati ya milimita 11 na 12, na shingo nyembamba inayozama chini yake. Cha tatu ni pembe ya ufito. Ufito wa nyuma haukusimama wima, umelala. Usome pembe hiyo kwenye randa yenyewe: rudisha ufito peke yake mahali pake, weka randa juu ya meza iliyonyooka, sogeza guni ya kukunja mpaka ulimi wake ulale sambamba na ufito, kisha ikaze hapo usiiguse tena.

Mti gani? Jibu fupi ni mti mgumu uliokauka, usio na macho. Msonobari na mgrivea viache vilivyo. Vinabonyea chini ya nati na baada ya miezi michache mpini unacheza. Mninga ni chaguo la kwanza kwa Mtanzania, na si kwa uzuri wake. Unasinyaa kidogo sana unapokauka na unavimba kidogo sana ukinyesha, na kwa kazi hii hiyo ndiyo sifa inayohitajika kuliko nyingine zote. Mkongo nao umetulia, ni mzito zaidi, ila nyuzi zake wakati mwingine hupishana na kunyofoka chini ya tupa. Mtiki, ambao wengine huuita msaji, unachongeka kirahisi na una mafuta yake ya asili, lakini una mchanga ndani yake unaomaliza makali ya patasi. Mvule vilevile: humo hukutwa vijiwe vya chokaa, na msumeno ukivikuta utasikia. Walioko upande wa Kenya wana mzeituni-mwitu, mgumu, wenye michirizi inayopendeza, ila lazima uwe umekauka kwelikweli, la sivyo unapasuka.

Na mpingo? Unakubali kung'aa kuliko mti wowote, na ni mzito kiasi cha kuzama majini. Kwa kirungu cha mbele, yaani ule mpini mfupi wa duara, unafaa sana. Kwa mpini wa nyuma naona ni anasa: unapasuka ukidondoka, unachukua muda mara tatu kuuchonga, na vumbi lake huwasha ngozi na pua za watu wengi. Vumbi la mvule pia. Funika pua kwa vyovyote. Jambo jingine: tangu Januari 2017 jamii yote ya miti ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, imo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo kabla hujamtumia rafiki wa Ulaya randa yenye kirungu cha mpingo, ulizia karatasi zinazotakiwa.

Mbao bora kwa kazi hii hazipo kwenye ghala la mbao. Zipo kwenye nyumba inayobomolewa. Mwimo wa mlango uliokaa miaka 40 umekauka kuliko ubao wowote utakaouziwa leo na kuambiwa "mkavu huu". Angalia tu misumari iliyokatikia ndani. Kwa kirungu cha mbele, tafuta mchi uliovunjika: nyuzi zake zinakwenda kwa urefu, zimenyooka, na mti wake ulichaguliwa na mtu aliyejua kwamba utapigwa kila siku.

Nyuzi ndizo zinazoamua kama mpini utaishi. Mpini wa nyuma unachorwa kwenye ubao ili nyuzi ziende sambamba na kitako cha randa, yaani kwa kulala, si kwa kusimama. Kwa jicho la haraka hii inaonekana kosa, kwa sababu shingo ya mpini, pale kiganja kinaposhika, inakatwa na nyuzi fupi. Lakini tazama sehemu mbili nyingine: pembe ya juu inayochomoza kuelekea nyuma juu ya gumba, na ulimi wa chini unaolala juu ya chuma kuelekea mbele. Zote mbili ni nyembamba, zote zinatokeza kwa kulala. Nyuzi zikisimama, pembe itanyofoka siku ya kwanza randa ikigonga meza. Shingo inalindwa na ufito: ukikaza nati, ufito unabana shingo kutoka juu na chini, na mti uliobanwa hauvunjiki kirahisi. Kwa maneno mengine, mpini wa mti wenye nati iliyokazwa ni mzima, na uleule wenye nati iliyolegea ni mpini unaosubiri kuvunjika. Mipini mingi ya zamani unayoikuta imevunjika shingoni haikuvunjwa na nguvu za mtu. Ilivunjika kwa kuwa iliachwa ikicheza.

Na inalegea kwa nini? Kwa sababu mti husinyaa kukatisha nyuzi na karibu hausinyai kabisa kufuata nyuzi. Nyuzi za mpini wa nyuma zimelala, kwa hiyo urefu wake wa kwenda juu ndio unaosinyaa. Chukua mpini ambao ufito umebana milimita 90 za mti. Uuchonge Tanga wakati wa masika, kisha uhamie Dodoma. Ukisinyaa asilimia 1 tu, umepungua karibu milimita 0.9, na chuma hakijapungua hata chembe. Hesi 20 kwa inchi maana yake kila mzunguko wa nati ni milimita 1.27. Basi robo tatu ya mzunguko inatosha kurudisha mambo sawa, ilimradi nati ina nafasi ya kuzunguka. Ikiwa imeshafika mwisho wa hesi zake, utazungusha mpaka uchoke na mpini utaendelea kucheza. Ndiyo sababu ya kupima, na ndiyo sababu ya mninga.

Kirungu cha mbele ni kinyume: nyuzi zake zinasimama, urefu hausinyai, unasinyaa upana. Kwa hiyo hakilegei sana kwa hali ya hewa, ila kinaweza kupasuka kutoka chini kama kimekazwa juu ya chuma kisicho sawa.

Toboa kwanza, chonga baadaye. Hilo halina mjadala. Ukishakata umbo la mpini huna tena upande ulionyooka wa kupimia, na tundu lenye urefu wa kiganja ndani ya mti wenye unene wa milimita 22 halitaki kukisiwa. Randa ubao ufike milimita 25 pande zote mbili, uwe sambamba. Chora mpini wa zamani juu yake, mstari wa chini ukifuata nyuzi. Kwa guni uliyoikaza, chora mstari wa ufito upitie mahali pake halisi, uurefushe juu na chini ya mchoro. Kisha kata ncha mbili za kipande, ya juu na ya chini, ziwe mraba na mstari huo wa ufito, si mraba na nyuzi. Kipande kitaonekana kimepinda, nyuzi zimelala mshazari ndani yake. Vizuri. Sasa biti inaingia kwenye uso ulio mraba nayo na haina sababu ya kuteleza. Watu wanaotoboa juu ya uso ulioinama hulalamika kwamba drili ni mbovu. Biti hufuata mteremko tu, kama maji. Kwa kipimo hiki utahitaji ubao wa upana wa milimita 150 hadi 160 na urefu wa milimita 130 kufuata nyuzi.

Anza na tundu pana la kichwa cha nati kutoka juu, kwa biti bapa. Tia alama ubavuni mahali kichwa kinapotakiwa kukalia, ukipima kutoka mstari wa chini wa mchoro, uishie hapo. Fuatisha tundu la shingo ya nati. Mwisho tundu la ufito, milimita 6.5 kwa ufito wa 5.5, au 7 kwa ufito wa M6. Usifuate mpangilio wa kinyume: ukianza na tundu dogo, biti bapa haina tena mti wa kushikia ncha yake ya katikati, itayumba. Biti ya kawaida ya 6.5 ina urefu wa milimita 101, na mifereji yake 63 tu. Haifiki upande wa pili kwa mkupuo mmoja. Toboa nusu kutoka juu, nusu kutoka chini, ukiitoa kila milimita 10 ikateme maranda. Yakijaa kwenye mifereji biti hupata moto na kuanza kupinda kufuata nyuzi laini. Mashimo mawili yakikutana kwa hitilafu ya milimita moja, tupa ya mviringo nyembamba inasawazisha. Yakipishana milimita tatu, tupa hicho kipande. Mti upo, na kila upande wa tundu ulitakiwa ubaki na milimita 7 na ushee. Ukipoteza tatu, ubavu mmoja umebaki chini ya tano, na huo ndio utakaopasuka.

Ingiza ufito, uone unapita bila kusukumwa. Kisha weka mchoro upya kwa kufuata tundu ulilolipata, siyo lile ulilolipanga. Hatua hii ndogo inaokoa kazi nyingi.

Kata umbo kwa msumeno mwembamba wa upinde au kwa mashine ya jigso, ukiacha milimita 1 nje ya mstari. Mstari wa chini ukate kwa uangalifu wa pekee, kwa sababu ndio pembe itakayokalia chuma. Kwa tupa ya mbao nusu-mviringo chonga ndani ya mkunjo wa mbele na wa nyuma mpaka mstarini, bado ukiwa na kingo za mraba. Sasa chora mstari wa katikati ya unene kuzunguka kote, na mistari miwili milimita 8 kutoka kila ukingo kwenye mabavu. Punguza kona mpaka zigusane na mistari, upate umbo la pande nane, kisha kona za hizo, kisha zungusha. Ukiruka hatua hizi ukaanza moja kwa moja kuviringisha kwa jicho, upande mmoja utakuwa mnene kuliko mwingine, na kiganja kitaujua kabla ya macho.

Usiviringishe mabavu. Kosa la wengi ni kutengeneza mpini kama mpini wa jembe. Mabavu yabaki bapa, kwa sababu bapa hizo ndizo zinazoambia mkono kwamba randa imesimama sawa, haijalala kushoto wala kulia. Kinachoviringishwa ni mbele na nyuma. Unene wa mwisho uwe milimita 22 hivi. Mwenye mkono mkubwa abaki na 24. Kingo zinazokutana na chuma chini ziache mraba. Mpini huu umekusudiwa vidole vitatu. Kidole cha shahada hakiingii, kinanyooka mbele kando ya kitanda cha kisu na kuongoza. Ukilazimisha vidole vinne, kile cha mwisho kitasagwa kwenye chuma na utaona kama mpini ni mfupi.

Msasa namba 80 huondoa alama za tupa, 120 huondoa alama za 80, 180 inatosha. Wengine huendelea mpaka 400 na kisha wanashangaa mpini unateleza kama ule wa plastiki. Baada ya 120, lowanisha mpini kwa kitambaa chenye maji, uache ukauke, nyuzi ndogo zitasimama. Zikate kwa 180. Zisiposimama sasa zitasimama siku ya jasho la kwanza.

Chini ya mpini kuna kazi ambayo haionekani, na ndiyo inayotofautisha mpini unaokaa na unaopasuka. Kwenye kitako cha randa, palipo na tundu la ufito, kuna kinundu cha chuma kinachoingia ndani ya mpini ili usizunguke. Umbo lake hutofautiana kati ya randa na randa. Paka mkaa au masizi kinundu hicho na chuma kinachokizunguka, kandamiza mpini mahali pake, uinue. Palipopata weusi ndipo pa kuchimba kwa patasi ya milimita 6. Rudia mpaka weusi uonekane pembezoni pote, si katikati. Mpini ukikalia kinundu peke yake, pembezoni kukiwa na upenyo hata wa unene wa karatasi, nati itakapokazwa itauvuta mti chini juu ya kinundu kama kabari juu ya gogo. Utausikia ukilia tak, na ufa utakuwa umeshapanda kufuata nyuzi.

Randa za namba 5 na kuendelea kwa kawaida zina skrubu ya pili inayoshika ulimi wa mbele wa mpini. Tundu lake litoboe mwisho kabisa, mpini ukiwa umeshakazwa mahali pake, kwa kuingiza biti nyembamba na kugusa chuma tu ili upate kitovu. Skrubu hiyo si ya kubeba kazi, inazuia mpini kuzunguka. Ukiikaza sana utaubandua ulimi.

Kirungu cha mbele ni rahisi kwa mwenye keezo. Kipande cha milimita 45 kwa 45, urefu 75, nyuzi zikisimama. Toboa tundu katikati kwanza, kisha kereza kwa kufuata tundu. Asiye na keezo achukue ufito wa hesi wa M6, aupitishe kwenye tundu, aubane kwa nati na washa juu na chini, kisha afunge ncha kwenye drili iliyobanwa kwenye jiriwa. Kabla ya kuwasha, kipande kiwe kimeshakatwa kona mpaka pande nane. Mti wenye kona nne ukizunguka hupiga tupa na kuirusha, na ufito mwembamba hupinda. Mwendo wa polepole, tupa kwanza, msasa baadaye, macho yamekingwa kwa miwani ya kazi, na mkono usivae glavu wala shati la mikono mirefu linaloning'inia. Hata bila drili inawezekana: pande nane, pande kumi na sita, tupa, kisha utepe wa msasa ukivutwa mbele na nyuma kama mtu anayesugua kiatu. Kirungu cha namna hiyo hakitakuwa duara kamili na hakuna mkono utakaojua.

Tazama kama randa yako ina pete iliyoinuka kuzunguka tundu la mbele. Stanley waliiongeza karibu na mwaka 1930, kwa kuwa virungu virefu vilikuwa vikipasuka chini. Ikiwepo, kitako cha kirungu kipungue kipenyo nusu milimita kuliko pete. Ukikichonga kikaingia kwa kubanwa, masika yatakivimbisha na hakitatoka bila kuvunjwa.

Kupaka: mafuta ya kitani yaliyochemshwa, mikono mitatu. Paka, subiri dakika 15, futa yote yaliyobaki juu mpaka kitambaa kitoke kikavu, acha siku nzima, rudia. Usipofuta, utapata utando unaonata usiokauka wiki mbili. Kitambaa chenye mafuta hayo kitandaze nje au kizamishe majini. Kikikunjwa na kutupwa pembeni kwenye maranda kinaweza kujiwasha moto chenyewe, na karakana nyingi zimejaa maranda. Mafuta ya nazi au ya kupikia usiyatumie, hayakauki, yanachacha na kuvuta vumbi. Vanishi nene nayo inarudisha kosa la plastiki: ngozi juu ya mti, jasho lisilo na pa kwenda. Anayetaka mng'ao kidogo amalizie kwa nta ya nyuki, afute kwa nguvu. Paka pia ndani ya tundu na chini ya kitako cha mpini, kwa sababu unyevu huingilia huko, na huko hakuna anayepakumbuka.

Funga kwa bisibisi mpaka nati iguse, kisha robo hadi nusu mzunguko. Basi. Sukuma mpini mbele na nyuma; ukicheza, fungua uangalie kabla ya kuongeza nguvu. Mara nyingi nati imefika mwisho wa ufito na haijagusa mti. Dawa yake ni washa nyembamba ya shaba chini ya kichwa cha nati, au kupunguza ncha ya juu ya ufito kwa tupa milimita 2, ukirudisha hesi ya kwanza kwa tupa ndogo ya pembe tatu ili nati isishike vibaya. Hakikisha tu nati bado inashika angalau milimita 6 za hesi. Kaza tena baada ya wiki moja, kisha kila msimu unapogeuka, masika yakiingia na kiangazi kikishika.

Mipini ya plastiki iweke kwenye droo. Ndiyo michoro yako ya randa inayofuata, na ukitoboa kipande kibaya jioni, randa itavaa plastiki kesho asubuhi ifanye kazi wakati kipande kingine kinakatwa.